Mazabodi ya Mtu wa Kukaa

Mlaleo, Kisauni

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya Khaloo Saumu, ingawa asema yeye ndiye dada mkubwa na wewe ndiye unayepaswa kumwamkia, basi pokea ya kwangu tu, hiyo nyingine mtamalizana wenyewe. Magoti yaamkaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa utingo wa basi ilifika, au alijichua yeye? Mto umeshuka? Na kuku wamebaki wangapi baada ya yule kicheche? Nijibu kimoja kimoja, usinitupie "twashukuru" kama kwenye simu. Hiyo "twashukuru" yako haina mlango, mtu haingii ndani akaona kuna nini.

Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimekonda kidogo, lakini si njaa, ni mbio. Rukia mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, na ukifika penye maneno ya kompyuta usiseme "hapa Da Asya anaeleza mambo yake" ukaruka. Nakujua. Hapo hapo ndipo penye habari.

Mama, nimeandika kwa sababu simu haifai. Nikianza kueleza jambo, wewe wapiga ukelele kama kwamba Kisauni iko Bara Hindi, halafu "haya mwanangu, usimalize vocha," umeshakata. Na juzi kabla hujakata uliniuliza, "Warudi lini?" Nikanyamaza, ukasema mtandao wa siku hizi haufai. Haikuwa mtandao. Najua Ami Bakari ashanisemea ile nafasi ya kupiga chapa kule ofisini kwao, na amewaambia mwaka ukiisha nitakuwa nimefika. Najua uko peke yako na Rukia, na maji ya kuteka ni yale yale. Basi barua hii yote ni jibu la swali lako. Siwezi kulijibu kwa mkato. Nianze lilipoanzia, yaani harusini.

Jirani yetu Bi Rehema, yule mwenye duka la vitambaa aliyekupa leso ulipokuja, ameozesha binti yake Latifa. Ulikosa kitu, Mama! Usiku wa kupamba ukumbi ulijaa wanawake mpaka viti vikaazimwa msikitini. Mlangoni walikaa wamama wawili na kapu la ukindu, kila anayeingia simu yake kapuni, hata mama yake bwana harusi, alipotaka kuleta ubishi akaambiwa, "Bibi, kapu halijui cheo." Ndani mabuibui yakavuliwa, nywele nje, mikono ya hina hadi kwenye viwiko, Latifa ameketi pale juu kama mwezi. Aliyeruhusiwa kupiga picha za video ni Nasra peke yake, yule rafiki yangu wa Kiembeni mwenye kamera.

Sasa sikiliza. Kupiga si tatizo, wanawake wanaopiga wapo siku hizi. Tatizo ni baada ya hapo. Picha zile zatoka kwa Nasra zaenda wapi? Zaenda dukani kwa mwanamume, azikate, aziunge, atie nyimbo. Yaani kapu lote lile mlangoni, wamama wawili walinzi, halafu kijana mmoja ameketi na soda yake anamwangalia bibi harusi siku mbili nzima! Kila mtu ajua, na kila mtu ajifanya hajui.

Bi Rehema ndiye aliyekataa kujifanya. Siku ya pili alikuja barazani kwetu, buibui begani, hata kukaa hakukaa.

"Saumu, mimi mwanangu hataangaliwa na mtu nisiyemjua hata baba yake. Hivi Kisauni nzima hakuna mwanamke ajuaye kukata hizi filamu?"

Khaloo akasema, "Yuko. Huyu hapa. Kutwa kwenye hiyo kompyuta, macho mekundu kama mla pilipili."

Bi Rehema akanigeukia. "Wajua, Asya?"

Mama, mdomo wangu ukajibu kabla sijauuliza. "Najua!"

Na wallahi najua, si uongo. Hakuna aliyenifundisha darasani, lakini nimekata maulidi ya madrasa, nimekata mashindano ya mpira ya vijana wa Mwandoni, nimekata mpaka matangazo ya muuza mahamri, yote nikijifunza kwa kutazama video za watu na kuharibu na kurudia. Bi Rehema akaniangalia tangu kidole cha mguu. Akasema, "Haya. Fungate ikiisha wakwe wanakuja kula kwangu, wanawake wote. Nataka tuitazame siku hiyo. Ukishindwa niambie mapema, usinivue nguo mbele ya wakwe."

Fungate ni siku saba, na mbili zilikuwa zishapita.

Nikaingia ndani mbio, nikafungua picha za Nasra kwenye kompyuta yangu, ile kuukuu iliyotupwa na ofisi moja nikainunua. Feni ikavuma kama jiko la mafuta ya taa. Halafu kila kitu kikaganda, Latifa amefumba jicho moja na amefungua moja. Nikazima, nikawasha. Ikaganda tena, jicho lile lile. Nikaifungua na bisibisi. Nilitaka kuiongezea kumbukumbu: haina nafasi, ziko mbili na zimejaa. Nilitaka kuitia prosesa ya nguvu zaidi, yaani ile akili yake: haikubali, iliyomo ndiyo ya mwisho inayokubalika. Hata waya wa umeme ni wa kwake peke yake, hauingiliani na wa kompyuta nyingine. Waliomtengeneza huyu walimtengeneza azaliwe hivyo na afe hivyo. Dawa ilikuwa moja tu, kubadilisha mazabodi.

Mazabodi, Mama, ni ule ubao mkubwa ulio ndani, ambao kila kitu huchomekwa hapo: akili, kumbukumbu, ghala la picha, umeme. Vyote vyazungumza kupitia hapo. Ukikosea kuuchagua, umekosea vyote. Khaloo hakuelewa, kwa hivyo nilimpandisha juu ya paa. Unaikumbuka nyumba yake, vile vyuma vilivyotokeza juu kwenye pembe, amefunga kamba ya kuanika?

Nikamuuliza, "Khaloo, kwa nini mumeo aliviacha hivi vyuma?"

"Marehemu? Alisema ipo siku tutaweka ghorofa."

"Na kama angevikata?"

"Ungebomoa mpaka chini uanze upya, mwanangu."

"Basi kompyuta yangu vyuma vimekatwa. Mimi nataka ya bei ndogo, lakini vyuma viwe juu."

Akafikiri, huku akivuta shuka zake kwenye kamba. "Kumbe ndiyo hayo tu? Sasa siku zote si ungesema, badala ya kunitajia majina ya kizungu?"

Kesho yake nikaenda Bamburi, Mtambo, kwa Brayo. Brayo ni kijana wa bara, auza vyuma vya kompyuta vilivyotumika, kibanda chake kimebanana na cha kinyozi. Aliponiona tu:

"Niaje sister!"

"Kwanza salimu kama mtu."

"Pole. Hujambo dada?"

"Sijambo. Nionyeshe mazabodi."

Akacheka, akanitolea. Ya kwanza ilikuwa ya bei rahisi mno, nikaigeuza nikatazama matundu ya nyuma pale pa kuchomeka waya: kutu ya kijani. Nikamwambia hii imeishi nyumba ya ufuoni, imekula chumvi. Akasema, "Aii, hiyo ni rangi tu." Nikakwaruza kwa ukucha, rangi ikanifuata kidoleni. Akairudisha chini ya meza. Ya pili ina taa, Mama! Nyekundu, buluu, zambarau, ikiwashwa yamulika kama ukumbi wa disko, na bei yake ni ya hizo taa. Nikamuuliza hizi taa zakata filamu? Akasema, "Hapana, lakini wateja wanapenda." Nikamwambia awapelekee hao wateja.

Zikabaki mbili mezani.

Moja ilikuja na kila kitu juu yake, prosesa ishapachikwa, kumbukumbu zishapachikwa, wapeleka nyumbani wawasha. Kwa harusi ya Latifa ingetosha kabisa. Lakini nafasi zake zimejaa, haina pa kuweka ghala la picha la kisasa, lile jembamba la kasi, na prosesa iliyomo ndiyo ukomo wake. Nyingine ilikuwa sura mbaya, nyeusi, haina boksi, imefungwa kwenye gazeti. Nafasi nne za kumbukumbu. Nafasi mbili za ghala la kasi. Vile vipande vinavyoilisha prosesa umeme vimevikwa vyuma vya kupoza joto, kwa hivyo hata ukiibebesha mzigo haiungui. Na soketi yake, pale prosesa inapokaa, yakubali prosesa ndogo ya leo, na kesho yakubali kubwa yenye nguvu mara kadhaa, bila kubadilisha ubao. Ila hii ningeinunua tupu. Kwa pesa nilizokuwa nazo, ningepata prosesa ndogo kabisa na kipande kimoja cha kumbukumbu, basi.

Nikasimama pale. Nikaishika hii, nikaishika ile. Kinyozi na mteja wake wote wakawa wanatazama.

Brayo akasema, "Nikuulize kitu, na usikasirike?"

"Uliza."

"Wewe ni mtu wa kukaa ama ni mtu wa kwenda?"

"Yakuhusu nini?"

"Inahusu mazabodi. Kama mwisho wa mwaka unarudi kwenu, ushago, beba hii iliyo tayari. Itakufanyia hiyo harusi na ingine mbili tatu, halafu unamwachia mtu, huna hasara. Hii nyeusi ni ya mtu anakaa. Mtu wa kwenda akinunua hii anatupa pesa, wallahi." Nao watu wa bara wakikaa hapa miaka miwili washaanza wallahi.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe ni mtu gani?"

"Mimi nilikuja miezi mitatu kumsaidia cousin." Akanyoosha mikono akionyesha kibanda kizima, waya zimening'inia kila mahali. "Sasa ona."

Kinyozi akadakia, "Na cousin mwenyewe alirudi!" Wakacheka wote.

Mimi sikucheka. Mama, lilikuwa ni swali lako lile lile, ila yeye alilileta na bei. Nikaketi kwenye kreti ya soda. Nikakuona ukishuka kile kidaraja cha mtoni na ndoo, umeshika goti. Nikamwona Ami Bakari, na kazi yake ya kupiga chapa ambayo si mbaya, nisiseme ni mbaya, ni kazi ya kivulini na mshahara waja kila mwezi, na nitalala nyumbani. Halafu nikajiona kwenye kiti hicho, napiga chapa majina ya watu, kutwa, na kichwa changu nakijua jinsi kilivyo. Wewe ulisema mwenyewe nilipofungua redio ya Baba na kisu cha mkate, "Mtoto huyu hatatulia mpaka aone ndani." Nikajiuliza, hivi nikiondoka, akina Latifa watapelekwa kwa nani? Kwa yule kijana na soda yake. Nikajiuliza tena, na nikikaa, Mama atapelekewa maji na nani? Hilo la pili sikulijibu. Sikudanganyi.

Nikasimama. "Nipe hiyo mbaya."

"Gani mbaya?"

"Hiyo nyeusi. Yenye nafasi tupu."

Zile pesa ndizo nilizokuwa naziweka nije nazo nyumbani. Nimeshakwambia. Sasa endelea kunisikiliza.

Nikafika nayo kwa Khaloo, nikaiweka mezani kwenye gazeti lake, nikatoka kwenda Kiembeni kwa Nasra kuchukua picha zilizobaki. Kurudi, nyumba nzima yanukia udi. Sikushangaa, mtaa mzima ulinukia udi wiki hiyo. Nikafunga kila kitu mahali pake, polepole, bismillahi, nikawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikawa cheusi. Nikangoja. Cheusi. Nikachomoa kumbukumbu nikachomeka nafasi nyingine. Cheusi kama sufuria ya pilau ya msiba.

Khaloo alikuwa ameketi kitandani, anatafuna pembe ya leso.

"Asya."

"Abee Khaloo."

"Hivi moshi waweza kuingia humo ndani?"

"Moshi gani?"

Akaitazama mazabodi. Kisha ikatoka yote kwa pumzi moja. Kumbe nilipoondoka walikuja wageni wa Bi Rehema, mmoja akaiona mazabodi mezani akasema, "He, Asya ameendelea, kitu cha maana hiki!" Na hakusema mashallah. Khaloo alipomsindikiza tu, akawasha chetezo, akaiweka mazabodi juu ya kile kikapu cha kufukizia nguo, udi chini, akaifukiza mbele na nyuma kama gauni la Idi, kijicho kitoke.

"Nikaigeuza vizuri, mwanangu," asema, machozi yamlenga. "Sikuiunguza. Nimeiua?"

Sijui hasira yangu ilikwenda wapi, Mama. Nilimtazama mtu mzima yule na leso yake mdomoni nikashindwa. Nikamwambia hujui, mimi pia sijui, kesho tutamuuliza aliyetuuzia.

"Tutamuuliza?" akasema. "Na mimi nakuja. Niliyefukiza ni mimi, nitasema mwenyewe."

Akaja kweli. Mazabodi imefungwa ndani ya leso yake kama mtoto mchanga apelekwaye kliniki. Brayo akaifungua, akarudi nyuma, akainama tena akainusa.

"Wueh! Hii ilikuwa kwa harusi?"

"Ni udi," Khaloo akasema, amejikaza. "Udi halisi. Kama ndio ulioiua, nitalipa mimi."

Brayo akaimulika na tochi ya simu, akapitisha brashi, akanusa mara ya tatu, hiyo ya tatu nadhani ni raha zake tu. "Mama, udi haujafanya kitu. Hakuna masizi, hakuna kuungua. Hata sasa ndiyo mazabodi safi kuliko zote hapa." Halafu akaniangalia, nikamwangalia, tukaangalia ile prosesa. Tukasema kwa pamoja, "Bayosi!"

Nikueleze. Ndani ya mazabodi kuna maandishi yake madogo, ndiyo bayosi, inayoyasoma kila inapoamka, ili ijue imechomekewa nani. Hii yangu ilitengenezwa kabla ya prosesa yangu, kwa hivyo maandishi yake hayana jina la hiyo prosesa. Imepachikwa mgeni isiyemjua, ikakaa kimya. Dawa ni kuichomekea prosesa ya zamani inayoijua, kisha kuiandikia maandishi mapya. Nilikuwa nimesoma habari hizo mara mia, na siku yenyewe zikanitoka kichwani zote!

Brayo akachomoa prosesa ya zamani kwenye droo, akaniazima, akaipachika, akachomeka flashi yenye maandishi mapya, akabonyeza. Mstari mdogo ukaanza kujaa kwenye kioo.

"Sasa hakuna kugusa. Hakuna kuzima. Hata kupumua, mpumulie kando."

"Na umeme ukipotea?" nikauliza.

"Ukipotea saa hii, basi hapo ndio tumeiua."

"Astaghafirullah, geuza maneno!" Khaloo akamkemea, akaanza kusoma dua, midomo yaenda mbio. Mstari ukafika nusu. Na wallahi Mama, hapo hapo mashine ya kinyozi ikanyamaza, mteja kichwa nusu kimenyolewa, kinyozi akapiga ukelele, "Stima!" Mimi nikafumba macho. Nikasikia Brayo anasema, taratibu, kama mtu anayemtuliza mbuzi, "Hiyo ni laini ya kinyozi. Sisi tuko laini ingine. Tuko laini ingine." Nikafumbua jicho moja. Mstari bado waenda.

Ulipojaa, akarudisha prosesa yangu. Akabonyeza. Kioo kikawaka, maandishi meupe yakajipanga, na jina la prosesa yangu likatokea pale, limeandikwa kamili! Khaloo akapiga vigelegele, Mama, katikati ya Mtambo, mchana, mpaka watu wa vibanda vya mbele wakaja kuuliza nani anaolewa. Yule mteja wa kinyozi na nusu kichwa chake ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Kutoka hapo sikutoka ndani. Prosesa ndogo, kumbukumbu kipande kimoja, picha za Nasra nzito kama magunia. Nikatumia ujanja: kila picha nikaitengenezea nakala nyepesi, nikakata na kuunga kwenye zile nyepesi, na mwisho kompyuta ikarudisha zile nzito zenyewe mahali pao. Yaenda polepole lakini haigandi. Khaloo akaniletea chai na mbaazi, na mlango akaufunga kwa komeo, hata mjumbe wa nyumba kumi alipokuja aliambiwa asubiri nje, ndani kuna wanawake wasiovaa mabuibui. Mimi na kompyuta tu.

Ilikwisha. Siku ya wakwe, baada ya chakula, Bi Rehema akawafukuza mumewe na babake waende barazani, mapazia yakashushwa, wanawake wakajipanga zuliani. Nikachomeka.

Mwanzo kila mtu alijitafuta sura. Halafu wakaanza. "He, yule ni mimi!" "Shoga, ule mkufu wako unao bado?" Mama wa bwana harusi akapiga paja, "Mbona mimi kila mara mwanionyesha natafuna?" na mtu wa nyuma akamjibu, "Kwani kuna wakati ulikuwa hutafuni?" Walicheka mpaka nikarudisha nyuma kidogo. Ilipofika pale Latifa anamshika mamake mkono, hajui kwamba anaonwa, sikutia wimbo. Niliacha sauti ya ukumbi tu. Bi Rehema akavuta mtandio usoni. Ilipokwisha akaniita jikoni, akanishika kidevu, akasema, "Umenisitiri, mwanangu. Wewe na aliyekuzaa." Hilo nimekuletea kama lilivyo, ni lako.

Sasa ndiyo nafika. Natoka jikoni, mwanamke mmoja wa upande wa wakwe, mtu wa Jomvu Kuu, akanivuta kando. Ana mabinti wawili, harusi zao ni mwakani, moja baada ya nyingine. Akaniuliza, "Mwakani utakuwepo? Niwaambie watu wangu wasitafute mwingine?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mdomo wangu waujua, haungoji. Lakini nilimwambia, "Nitauliza kwetu, kisha nitakujibu." Akasema, "Vyema, mtu huuliza kwao." Na yuangoja.

Basi Mama, nakuuliza. Mazabodi nimeinunua ya mtu wa kukaa, sikufichi, mkono ulichagua. Lakini kukaa bila radhi yako sikuwezi. Nimefikiri hivi: nikikaa, kwa pesa za zile harusi mbili nitaongeza kumbukumbu na ile prosesa kubwa, na kila mwezi mtu wa kukutekea maji atalipwa na mimi, nimeshazungumza na mtoto wa Bi Halima hapo jirani, amekubali. Nitakuja Idi zote mbili. Na Rukia akimaliza mtihani wake, aje huku nimfundishe, maana kazi hii yataka wanawake wawili na jicho lake ni kali kuliko langu. Ami Bakari mwambie simdharau, nitampigia mwenyewe nimuombe msamaha kwa ile nafasi, na kama wataka mtu, binti ya shangazi Mwanaidi yupo na ana vidole vyepesi.

Nisalimie bibi mzaa baba, umwambie hina yake ya kutwanga huku hakuna. Nisalimie Ami Bakari na mkewe, shangazi Mwanaidi na watoto, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliyenipiga bakora kwa kufungua saa ya msikiti, na Bi Halima jirani. Khaloo Saumu akusalimu sana na asema kijicho kimetoka, udi ulifanya kazi, na hilo mimi sibishani naye. Brayo pia asalimu, asema nikuulize kama kwetu kuna redio mbovu.

Mama, usinijibu leo. Chua magoti, lala, amka, ufikiri. Kama jibu ni hapana, usimtume Rukia aniandikie. Nipigie wewe mwenyewe nilisikie kwa sauti yako, nami nitafungasha nije, na sitakununia hata siku moja. Na kama ni ndiyo, nipigie vilevile, upige ukelele utakavyo. Mara hii ni mimi nimekuwekea vocha, usikate.

Mwanao,
Asya